Juu ya Safari za Watoto Wetu na Wajibu wa Kiongozi

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama, kwa niaba ya Kamati, katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Kamati imetuagiza tuseme mbele yenu juu ya safari za watoto zilizofanywa katika mwaka unaokwisha. Agizo hilo tulilipokea kwa heshima, lakini si kwa wepesi wa moyo, maana kila mmoja wenu amekwisha kusikia habari za Jumamosi ile ya mwezi wa Agosti. Wako waliosikia kwamba mtoto alikufa maji. Hakufa mtoto. Wako pia waliosikia kwamba hapakutokea jambo lolote. Hilo nalo si kweli. Kwa hiyo tumeona ni heri tuyaandike mambo kama yalivyokuwa, yachapwe katika taarifa hii, ili mwenye kutaka kuhukumu ahukumu kwa haki.

Na hukumu yenyewe iko mbele yetu leo. Katika ajenda limo pendekezo, lililoletwa na wanachama ambao twawaheshimu, kwamba safari hizi zifutwe, na fedha zake zitiwe katika mfuko wa mazishi na misaada. Kamati yaomba zisifutwe. Kabla hamjainua mikono, twaomba mtusikilize.

Yafaa kwanza tukumbushane sababu ya kuzianzisha. Wengi wetu tuliomo humu tulizaliwa mashamba, tukaja Mombasa kutafuta kazi bandarini, relini, mahotelini na maofisini. Tulipofika mjini tulikuwa tumekwisha kujua mambo mengi ambayo hakuna aliyetufundisha kwa chaki: mti upi utomvu wake huwasha ngozi, wingu lipi ni la mvua na lipi ni la kupita, udongo upi wafaa mtama na upi wafaa muhogo. Watoto wetu wamezaliwa Changamwe, Likoni, Mikindani na Kisauni. Wana elimu ambayo sisi hatukuipata, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wanaishi katika mji uliozungukwa na bahari pande zote, na bahari hawaijui ila kwa kuitazama kutoka juu ya feri.

Mzee wetu mmoja aliwauliza mwezi wa Julai, walipokuwa wamekusanyika hapa ukumbini, "Wajukuu zangu, leo mwezi una siku ngapi?" Wakajibu wote kwa sauti moja, "Thelathini na moja!" Mzee alikuwa akiuliza mwezi wa mbinguni, una siku ngapi tangu kuandama. Sote tulicheka, na watoto wakacheka pamoja nasi. Lakini mzee hakucheka sana. Alisema, "Mtu wa pwani asiyejua mwezi hajui bahari iko wapi." Maneno hayo tuliyasahau upesi, na kwa kuyasahau tuliadhibiwa.

Katika mwaka huu tulifanya safari tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Shimba Hills, katika wilaya ya zamani ya Kwale. Huko watoto walimwona palahala, mnyama mwenye pembe zilizopinda nyuma kama upanga, ambaye katika Kenya nzima hana makao mengine yaliyobaki ila msitu ule. Waliambiwa pia kwamba katika vilima vile zimo chemchemi za Marere, ambazo tangu zamani za ukoloni maji yake yameletwa Mombasa kwa mabomba. Mtoto mmoja aliuliza kama maji anayokinga kwa ndoo kwao yaweza kuwa yametoka chini ya miti ile. Tukamjibu kwamba yawezekana. Tangu hapo hakutazama palahala tena, alitazama miti.

Safari ya pili ilikuwa ya kaya. Misitu ya kaya za Wamijikenda, iliyotapakaa pwani kwa umbali wa karibu kilomita 200, iliandikwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini haikuhifadhiwa na UNESCO. Ilihifadhiwa na wazee, kwa muda wa karne nyingi, kwa sheria ambazo hazikuandikwa popote. Mgeni haingii peke yake. Huingia na mwenyeji. Havunji tawi, wala haondoki na kitu, hata kijiti. Watoto wetu, ambao shuleni huambiwa mara kumi wanyamaze, waliambiwa mara moja tu na mzee wa kaya, wakanyamaza. Tuliporudi tuliandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba safari ilifana. Hatukuandika kwa nini ilifana. Laiti tungalijiuliza, pengine tungaligundua kwamba ilifana kwa sababu tulipiga hodi, tukasubiri kukaribishwa, tukaongozwa na mwenye mahali.

Sasa twaja kwenye safari ya tatu, ya mikoko.

Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Watoto walikuwa 26, wenye umri wa miaka tisa hadi kumi na minne. Viongozi walikuwa wawili: kijana mmoja wa chama, na sisi karani wenu tunaosema hapa. Tulikwenda kwa gari la kukodi hadi ufuo mmoja kusini mwa mji, tukafika saa nne asubuhi. Katika makadirio ya safari palikuwa na fungu la fedha za kumlipa mwongozaji wa kijiji kile. Fungu hilo tulilikata kwa kalamu yetu wenyewe, tukanunua fulana zenye jina la chama, ili watoto wapendeze katika picha. Fulana zilikuwa nzuri. Picha zimo katika kurasa za mwanzo za taarifa hii, nasi tumeziacha zibaki humo kwa makusudi, ziwe ukumbusho.

Tulikuwa na jedwali la maji. Lilisema kwamba maji yatapwa kabisa saa tano na robo asubuhi, na kujaa saa kumi na moja na nusu jioni. Tukaona tuna mchana mzima. Tulivuka mkondo mmoja uliokuwa mkavu, mchanga wake ukiwa mgumu kama njia ya gari, tukaingia katika miti, tukatokea upande wa pili, kwenye ukingo unaotazama bahari kuu. Watoto walifurahi kupita kiasi. Waliona kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wakiliinua na kulishusha kana kwamba wanaitana. Waliona mizizi ya mchu iliyochomoza juu ya matope kama penseli elfu. Walilamba jani la mchu wakaona lina chumvi, maana mti ule huinywa chumvi ya bahari, kisha huitoa kwa majani. Waliona mbegu ya mkoko ikiwa imekwisha kuota ingali juu ya mama yake, ndefu kama kalamu, ikingoja kuanguka na kusimama.

Saa saba tulikula chakula juu ya kichuguu cha mchanga. Mvulana mmoja mdogo, wa miaka tisa, alikuja kutuambia, "Mwalimu, kijiti changu kimeingia majini." Alikuwa amekichomeka ukingoni mwa maji tulipofika. Tulimjibu akae amalize mkate wake. Bwana Mwenyekiti, katika siku ile nzima hapakuwa na kiongozi ila mtoto yule, na kiongozi yule tulimwambia akae.

Tulianza kurudi ikikaribia saa nane. Tulipofika kwenye mkondo tuliovuka asubuhi, tulikuta maji yanapita kwa nguvu kuelekea ndani, yakiwa yamefika kifuani pa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ndipo tulipohesabu watoto kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Walikuwa 25.

Hatutaeleza sana jinsi moyo wa mtu unavyokuwa anapohesabu mara ya pili na ya tatu, na hesabu ikabaki ile ile. Kijana mwenzetu alitaka kuwavusha watoto wakubwa kwanza kwa kushikana mikono. Sisi tulitaka kurudi nyuma kumtafuta yule aliyepotea. Kila mmoja alikuwa akisema lake, na watoto walianza kulia.

Wakati huo akatokea mzee mmoja mvuvi katika mtumbwi, akiusukuma kwa pondo, aliyekuwa akienda kuyatazama malema yake. Alituona kwa mbali akapaza sauti, "Msivuke! Wanangu, msivuke!" Alipofika hakuuliza sisi ni nani. Aliuliza tuko wangapi. Tukamwambia ishirini na wanane, na mmoja haonekani. Akasema, "Hao waliopo waondoke kwanza. Huyo mmoja niachieni mimi na chombo changu." Kisha akatuonyesha njia ambayo hatukuijua. Hakutuonyesha kwa kidole tu, bali kwa majina ya miti. Alisema, "Hapo mliposimama ni mlilana, huo ndio mti wa mbele baharini. Upeni mgongo. Mtaingia katika mkoko wenye mizizi ya matao. Piteni. Mtakuta mkandaa, mti mwembamba, hapo ardhi imeinuka. Endeleeni mpaka mwone mchu umesimama mbalimbali na chumvi nyeupe chini yake. Hapo maji ya leo yatafika miguuni, hayatafika magotini. Mbele ya hapo ni minazi yetu."

Wanachama wenzetu, asubuhi ile tulikuwa tumewasomesha watoto majina hayo hayo ya miti, wayaandike katika madaftari. Kwetu yalikuwa somo. Kwa mzee yule yalikuwa njia ya kwenda nyumbani. Miti ya mikoko haikujipanga ovyo. Kila mmoja husimama mahali panapolingana na kimo cha maji awezacho kukistahimili. Mwenye kuijua anaweza kuisoma ardhi ilivyoinuka hata akiwa ndani ya kichaka asikoona mbele wala nyuma. Tulikwenda kama tulivyoagizwa, tukiuzunguka mkondo kwa upande wake wa juu, na baada ya muda wa saa moja hivi tulitokea kwenye minazi, tumejaa matope hadi mapajani, lakini wote 25 wakiwa salama.

Mtoto aliyepotea alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Alibaki nyuma akitazama kaa, na alipoinua macho hakuona mtu. Mzee alimkuta amekumbatia mizizi ya mkoko mkubwa, maji yakiwa kiunoni pake. Hakuwa ametangatanga. Alikuwa ameita mpaka sauti ikamkauka, lakini upepo wa kusi uliichukua sauti yake upande mwingine. Alipoulizwa kwa nini hakukimbia, alisema kwamba bibi yake alimwambia, ukipotea simama pale pale, uite, watu watakuja. Basi siku ile mtoto aliokolewa na mzee mmoja aliyekuwapo, na bibi mmoja asiyekuwapo. Sisi wasomi wawili wenye jedwali hatukumwokoa.

Tulipotaka kumshukuru, mzee alipokea shukrani zetu na chochote tulichokuwa nacho mfukoni, kisha akasema neno moja ambalo twaomba lichapwe kama alivyolisema: "Asubuhi mlipita mlangoni petu. Tuliwaona. Hamkupiga hodi."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa tuseme makosa yalikuwa wapi, maana kosa lisilotajwa hurudiwa.

Tulijua saa, lakini hatukujua mahali. Jedwali la maji halikusema uongo. Lakini jedwali halimwambii mtu ni mkondo upi hujaa kwanza. Isitoshe, hatukujua jinsi maji yanavyokuja. Tulidhani kwamba yakichukua saa sita kujaa, basi kila saa huleta sehemu moja katika sita. Sivyo. Mabaharia wana hesabu yao ya zamani, nayo ni rahisi. Gawanya kupanda kwa maji katika sehemu kumi na mbili. Saa ya kwanza huleta sehemu moja. Saa ya pili, mbili. Saa ya tatu, tatu. Saa ya nne, tatu. Saa ya tano, mbili. Saa ya sita, moja. Mathalani, siku ya bamvua ambayo maji hupanda mita 3.6, saa ya kwanza huleta sentimita 30 tu, na mtu hudanganyika akadhani bahari imelala. Lakini saa ya tatu peke yake huleta sentimita 90, na saa ya nne nyingine 90. Sisi tulikula mkate wetu bahari ilipokuwa ikijikusanya nguvu, tukainuka ilipokuwa mbioni.

Tena bamvua haiji kwa bahati. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, mwezi na jua huvuta bahari pamoja, na baada ya siku moja au mbili maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya swali la mzee wetu, leo mwezi una siku ngapi.

Twaja kwa hoja za wanaotaka safari zifutwe. Mwanachama mmoja ametuandikia kwamba mtoto wa maskini ahitaji kitabu, hahitaji matope. Mwingine amesema kwamba sisi tulitoka mashamba ili watoto wetu wasirudi huko. Hoja hizo zimetoka katika mapenzi ya watoto, wala hatuzidharau. Lakini twaomba mfikiri nasi.

Katika Vita Kuu ya Pili, meli nyingi za Uingereza zilizamishwa katika bahari ya Atlantiki, na mabaharia wakabaki katika mashua ndogo siku nyingi. Mwenye meli mmoja, jina lake Lawrence Holt, aliona jambo lililomshangaza: aghalabu waliokufa upesi walikuwa vijana wenye nguvu, na waliosalimika walikuwa watu wazima, waliozoea bahari tangu siku za tanga. Nguvu walikuwa nazo vijana; lililopungua ni mazoea, na imani kwamba yawezekana kuvumilia. Mwaka 1941, yeye na mwalimu mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Kurt Hahn, walianzisha shule huko Aberdovey, Wales, ya kuwafundisha vijana baharini na milimani. Shule hiyo iliitwa Outward Bound. Katika miaka ya 1950 tawi lake lilifunguliwa Loitokitok, upande wetu wa Kenya chini ya mlima Kilimanjaro, na vijana wa kabila na rangi mbalimbali walifundishwa huko pamoja. Basi jambo hili si la matope. Ni la kumtayarisha mtu kwa siku ambayo kitabu kimelowa maji.

Wala si jambo la kigeni. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari za Kenya walianzisha vyama vyao vya wanyamapori, ambavyo vimeenea katika shule nyingi nchini. Na huko Gazi, kusini mwa mji huu, wanakijiji wanaotunza hekta 117 za mikoko walianza mwaka 2013 kuuza hewa ya ukaa iliyofungwa na miti na matope yake, na fedha hizo zimepeleka maji kijijini na kusaidia shule. Hakuna aliyewalazimisha kuupenda mkoko. Waliujua tangu utotoni, kwa majina yake na kazi zake: fito, pau, boriti na nguzo, mlilana wa mataruma ya chombo, mkandaa wa kujengea. Mtu hutunza akijuacho. Watoto wetu kesho watakuwa makarani, wahandisi na madiwani, nao ndio watakaotia sahihi karatasi za kukata msitu au kuuacha. Atakayetia sahihi bila kuujua msitu atakuwa kama sisi tulivyokuwa mbele ya mkondo ule: ana jedwali mkononi, hana mwenyeji.

Lakini hatusemi kwamba safari ziendelee kama zilivyokuwa. Hilo tukilisema tutakuwa hatukujifunza. Kamati imekubaliana juu ya kanuni sita, nayo yaomba mzithibitishe leo.

Ya kwanza ni mwenyeji. Hakuna safari itakayofanywa bila mtu wa mahali pale kutangulia na watoto, na malipo yake yatakuwa fungu la kwanza katika makadirio, lisilokatwa na karani wala mweka hazina.

Ya pili ni idadi. Kiongozi mmoja hatachukua zaidi ya watoto wanane, na mmoja wa viongozi atakwenda mwisho wa safu daima. Tumezoea kudhani kwamba kiongozi ni anayetangulia. Msituni, anayejua nani amechoka, nani ana kiatu kilichokatika, na nani amesimama kutazama kaa, ni yule anayekwenda nyuma.

Ya tatu ni saa ya kugeuka. Itaandikwa kabla ya kuondoka na kuachwa kwa mtu mjini. Ikifika, safari hugeuka, hata kama jambo zuri kuliko yote liko hatua mia mbele.

Ya nne ni kuhesabu. Watoto watahesabiwa kila mahali wanapoondoka na kila mahali wanapofika, nao watafundishwa kuhesabiana wawili wawili. Kila mtoto atavaa firimbi shingoni, na atafundishwa neno la bibi yule: ukipotea, simama, ita.

Ya tano ni mafunzo. Viongozi wote watajifunza huduma ya kwanza, kama inavyofundishwa na Msalaba Mwekundu, na hakuna atakayewapeleka watoto baharini ikiwa hajui kuogelea. Karani wenu alikuwa hajui. Anajifunza sasa, kila Jumapili, pamoja na vijana wanaomcheka.

Ya sita ni kusikiliza. Mtoto yeyote, hata mdogo wa wote, akisema kwamba ameona hatari, safari itasimama mpaka lile alilosema litazamwe.

Gharama itapanda. Hatutaki kuwaficha: safari moja itagharimu karibu mara mbili ya ilivyokuwa. Kwa sababu hiyo hatuombi nyongeza ya ada. Twaomba safari zipunguzwe ziwe mbili badala ya tatu, na fulana zisinunuliwe.

Wazee wetu, na kwenu tuna ombi la peke yake. Mnapoitwa katika sherehe za chama huketishwa mbele, mkapewa maji ya kunywa, mkasikiliza hotuba kama hii ya mtu mliyemzidi umri mara mbili. Twaomba mwaka ujao wawili kati yenu waende na watoto katika kila safari. Msiende kama wageni wa heshima. Nendeni mkawaulize maswali, kama lile la mwezi. Sisi tunaweza kuwaandikisha watoto majina. Ninyi ndio mnaojua majina yale yanaelekea wapi. Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini aliyeona mengi akakaa kimya, tutayapata wapi siku akiondoka?

Limebaki jambo moja. Mama wa msichana yule yumo ukumbini leo. Alikuja mbele ya Kamati mwezi wa Septemba. Hakupiga kelele. Alisema, "Niliwapa mwanangu akiwa na jina. Ninyi mlimchukua kama hesabu, na hesabu yenyewe hamkuifanya." Tulimwomba radhi siku ile faraghani. Leo twamwomba radhi mbele ya wote. Mama huyu hajatoa ruhusa mwanawe aende tena, nasi hatukumshawishi. Hiyo ni haki yake, na atakayemlaumu hatamlaumu kwa kibali chetu. Alituambia tu kwamba binti yake siku hizi hutoka nje usiku kutazama mwezi, kisha huingia ndani akasema kesho maji yatajaa saa ngapi. Na kwamba yeye, mama, amekuwa akiangalia kwenye jedwali, na mara nyingi mtoto hakosei sana.

Bwana Mwenyekiti, kosa lilikuwa letu, si la mikoko wala la bahari, wala la watoto. Kama mtaona kwamba waliokosa hawafai kuongoza tena, twawaomba mtuondoe sisi, mkaweke wanaofaa. Lakini safari msizifute. Msiwafungie watoto mlango kwa sababu sisi tuliupita bila kubisha.

 Mungu akibariki chama chetu, awalinde watoto wetu, na awape wazee wetu umri mrefu.

Ni sisi wenu katika utumishi,

Karani wa Chama, kwa niaba ya Kamati